Uzi Mnene Uko Chini

Jumatatu, 3 Septemba 2012

Shule zimefunguliwa leo na nimeshona kola mpaka shingo imekataa kugeuka. Wazazi wote wa Mabanga, mtaa wetu hapa Goma, wamegundua asubuhi hii hii kwamba watoto wao wamekua tangu Juni. Saa tisa mvua ya kwanza imeanguka, ile ya kweli, si manyunyu. Nimeingiza cherehani ndani, nikakaa kitandani nikilitazama gitaa la Anastase ukutani.

Ni gitaa la besi, lenye nyuzi nne nene. Aliliacha kwetu Julai kwa sababu chumba chake kule Katindo kinavuja. Alisema anapanda Kiwanja, kwao upande wa Rutshuru, kumchukua mama yake, siku chache tu, halafu arudi tupange ndoa. Alipanda huku vita vikishuka. Tangu hapo simu yake haipatikani, na mimi bado naipiga kila asubuhi kabla sijanawa uso.

Mama amepita na beseni la nguo, akaniona ninavyotazama, akasema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Nimemjibu kwamba lake lipo, linaning'inia hapo juu na lina nyuzi nne. Hakucheka.

Jumapili, 9 Septemba

Baada ya misa Muzee Bagalwa amekuja nyumbani. Ni kiongozi wa kwaya yetu, mwenye kupiga kinanda, mtu wa kabila la Washi toka Bukavu anayetembea na mwavuli hata jua likiwaka. Amekunywa chai yote kwanza, ndipo akafungua mdomo.

"Rosine mutoto yangu, kwaya bila basse ni sombe bila chumvi. Ile gitaa ya Anastase inalala tu. Kuko mutu wa Katindo mwenye anajua kupiga. Tumupe, mpaka mwenyewe arudie."

"Haiwezekane, muzee."

"Juu ya nini?"

"Juu iko na mutu wa kuipiga."

"Nani?"

"Mimi."

Sijui ni shetani gani aliyenitia neno hilo mdomoni. Mama alikuwa akipepeta maharage na ungo wake ukasimama hewani. Sijawahi kushika gitaa katika maisha yangu isipokuwa kulifuta vumbi. Bagalwa akatazama vidole vyangu, vimejaa matundu ya sindano.

"Unajua?"

"Nitajua mbele ya Noeli."

"Sawa. Noeli ikifika na haujue, gitaa inaenda Katindo." Tukapeana mkono kama wauza ng'ombe.

Alipoondoka Mama akasema, "Kwanza mbuzi, sasa gitaa. Huyu Anastase ataacha nini tena kwetu?" Mbuzi huyo ndiye aliyeletwa Mei na mjomba wa Anastase, mbele ya baba mkubwa Sikuli, kaka wa marehemu baba yangu. Kwetu Wanande mahari ni mbuzi, na yule wa kwanza akishapokelewa, msichana ameshaongelewa, wengine wakae mbali. Amefungwa nyuma ya nyumba kwenye jiwe la volkano, ana mimba, na juzi amekula mfuko wa sketi ya mteja.

Jumatatu, 10 Septemba

Vidole vinauma. Sindano ina huruma kuliko huu uzi.

Alhamisi, 13 Septemba

Gitaa hili bila umeme halisemi. Unavuta uzi, unasikia kama nzi amegonga dirisha, basi. Na umeme wetu wa Mabanga unakuja kama mgeni wa heshima, kwa taarifa na kwa muda mfupi. Hata ukija, spika ziko parokiani.

Leo nimechoka nikaliinamia, na taya langu likagusa mti wake. Nikavuta uzi na sauti ikaingia kichwani mwangu yote, nzito, kubwa, mpaka kwenye meno. Nimeruka. Nimeweka taya tena. Kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya! Nilikuwa nikimwona ameliinamia hivi na kidevu chake juu ya mti, nikidhani ni maringo ya wanamuziki.

Alikuwa akifanya mazoezi hapa hapa barazani, nami nikiwa kwenye cherehani mbele yake, goti kwa goti. Kwa hiyo najua mikono yake inavyokwenda. Shingo ya gitaa ilikuwa upande huu, na mimi naishika upande huu huu. Nafumba macho, namwona, namfuata.

Alhamisi, 20 Septemba

Mvua. Suruali za shule. Mvua.

Jumapili, 30 Septemba

Nimejua kutoka uzi mmoja kwenda mwingine bila kutazama. Mama anasema anasikia panya darini. Nimemwambia huyo panya atapiga misa ya Noeli.

Nimepiga simu yake. Haipatikani.

Jumamosi, 6 Oktoba

Mazoezi yangu ya kwanza na kwaya. Jenereta la parokia liliwaka, nikachomeka waya, nikagusa uzi mmoja na vioo vya madirisha vikatetemeka. Wasoprano walipiga vigelegele. Nilijiona malkia kwa muda wa kufumba jicho.

Kisha Muzee Bagalwa akasema, "Anza na kamba nene, ile ya juu."

"Kamba nene iko chini, muzee."

"Inapashwa kuwa juu."

"Hii iko chini."

Akaacha kinanda, akaja, akavaa miwani. Akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Ee Mungu! Anastase ni mutu wa mukono wa kushoto! Alizigeuza zote. Wewe uko napiga gitaa ya kushoto na mukono wa kuume. Ni kama kuvaa kiatu ya mwenzako, tena ya mguu ingine!"

Kwaya nzima ikacheka na mimi nikacheka nao, maana ungefanya nini. Lakini ndani niliona aibu ya ajabu. Nimemjua mtu huyu miaka yote hii, nimekubali mbuzi wake, na sikujua mkono wake. Kwetu alikula kwa kulia na kusalimia kwa kulia kama mtoto aliyelelewa. Alipopiga, mimi nilikaa mbele yake kama mbele ya kioo, kushoto kwake kukawa kulia kwangu, nikaona yote yako sawa.

Bagalwa alikuwa ameshatoa koleo. "Tuzigeuze sasa hivi. Kazi kidogo tu."

Nikaweka mkono juu ya nyuzi. "Akirudia atazikuta zimegeuka."

"Akirudia tutazirudisha."

Alichosema kina akili, najua. Lakini aliyezipanga hivi ni yeye, kwa vidole vyake, na mtu wa kwanza kuzigeuza atakuwa amesema kwamba harudi. Sitakuwa mimi. Nikamwambia nitajifunza hivyo hivyo.

"Mutu mwenye kujifunza kinyume anabakia kinyume," akasema, akarudisha koleo mfukoni. "Noeli haitakungojea."

Jumapili, 14 Oktoba

Leo nimekwenda Kanyaruchinya, kambi ya waliokimbia vita, na akina mama wa parokia kugawa nguo. Sijawahi kuona turubai nyingi hivyo juu ya mawe. Kulikuwa na matope, moshi, watoto wenye kikohozi, na juu yetu volkano imejifunika mawingu. Nilikuwa nikigawa sweta kwa mkono na kuuliza kwa mdomo: watu wa Kiwanja wako wapi? Mnamjua Mama Nyiransabimana, mama ya Anastase?

Nimemjua kabla hajasema jina. Ana paji la uso la Anastase, lile pana. Alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, akichambua maharage mabovu na mazima kana kwamba yuko kwake na ana siku nzima.

"Mimi ni Rosine," nimesema.

Amesimama, ameshika uso wangu kwa mikono miwili, amesema, "Mwana wanjye." Mtoto wangu. Hatujawahi kuonana. Mei hakuja na mbuzi kwa sababu ya mguu wake.

Alinieleza yote bila kuinua sauti. Anastase alifika Kiwanja. Waliondoka pamoja alfajiri, yeye amebeba godoro. Njiani risasi zililia na msafara ukakatika vipande viwili. Wa mbele walishuka kwa barabara ya Rumangabo, wa nyuma wakarudi upande wa Bunagana, kwenye mpaka wa Uganda. "Mimi nilikuwa mbele, na mguu yangu hii. Yeye alirudi kusaidia mama mumoja mwenye batoto. Nikiangalia nyuma, naona tu batu. Godoro niliiona. Yeye sikumuona."

"Ni muzima?"

"Uganda iko na batu wengi bazima," akasema.

Nimerudi nyumbani na jibu hilo. Ni dogo, lakini jana sikuwa na lolote.

Jumapili, 21 Oktoba

Nyuzi zimechoka, zimekuwa na sauti ya kamba ya nguo, na mpya hazipatikani mjini. Mpiga solo wa kwaya alinifundisha dawa: unazivua, unazichemsha majini, uchafu unatoka, zinaanza kuimba tena. Nimezivua moja moja na kuzipanga mezani kwa mpangilio wake yeye, nisikosee. Nimezichemsha kwenye sufuria tunayopikia sombe, majani ya muhogo.

Mama amerudi toka sokoni, amefunua kifuniko. "Leo tunakula nini, nyoka?"

"Supu ya Anastase."

Hapo alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Julai, mpaka akaegemea mlango. Halafu akaiosha sufuria ile kwa jivu mara nyingi kuliko ilivyohitaji, akinitukana polepole.

Jumatatu, 29 Oktoba

Mbuzi amezaa mapacha. Mvua haijakatika tangu jana.

Jumamosi, 10 Novemba

Nimepiga wimbo wa kuingia mpaka mwisho bila kosa. Kinyume, ndiyo, lakini hakuna aliyesikia kinyume. Bagalwa hakunisifu. Alisema tu, "Tena," na tena, na tena. Kwa mzee huyu hiyo ni sifa.

Nimerudi nyumbani na furaha nisiyokuwa na wa kumpa, ikageuka hasira. Nimekukasirikia leo, Anastase. Nani alikutuma kurudi nyuma? Daima wewe ndiye unayerudi kumsaidia mtu. Ningependa siku moja uwaache wote hao, urudi kunisaidia mimi.

Alhamisi, 15 Novemba

Mizinga upande wa Kibumba. Wateja wamekuja kuchukua nguo ambazo hazijaisha, wanazitaka hivyo hivyo bila vifungo.

Jumapili, 18 Novemba

Barabara ya Rutshuru imejaa watu kuanzia asubuhi. Kambi yote ya Kanyaruchinya imeinuka, inashuka kupitia mjini kwenda Mugunga. Wamebeba magodoro, sufuria, kuku, wazee wamekaa juu ya chukudu, baiskeli zetu za mbao, wakisukumwa kama magunia ya makaa. Nilisimama pembeni chini ya mvua nikitafuta lile paji la uso. Nilimpata saa nane, anachechemea, ameshika fimbo na mfuko wa maharage yake.

Nilimleta nyumbani bila kumwuliza Mama. Njiani niliogopa. Mama hakuupenda uchumba huu tangu mwanzo. Angetaka mkwe wa Butembo, mtu wa lugha yetu, na ameshawahi kusema mbele yangu kwamba watu wa Rutshuru wanakuja na vita mgongoni. Tulipofika mlangoni alisimama akamtazama mgeni toka kichwani mpaka kwenye ule mguu uliovimba.

"Ni mama ya Anastase," nikasema.

Mama akaondoka. Nikasikia vyombo jikoni. Akarudi na beseni la maji ya moto na chumvi, akapiga magoti, akamvua viatu. "Karibu, dada. Mutoto yangu hana akili, anakuachia usimame ku mvua." Nimekaa barazani nikalia. Nimemwona mama yangu kila siku ya maisha yangu, na leo ndiyo nimemwona.

Jumanne, 20 Novemba

Naandika sasa kwa sababu kumetulia kidogo na mkono unaniwia mzito kukaa bure.

Tangu jana tumo ndani, chumba cha kati, ambacho hakina dirisha. Sisi wanawake watatu, mbuzi na watoto wake wawili, na gitaa. Mbuzi aliingizwa kwa amri ya Mama. "Ile ni mbuzi ya batu. Ikiibiwa nitajibu nini?" Amekula nusu ya pindo la shuka na hakuna aliyemzuia. Mama Nyiransabimana anamkamua kidogo kidogo, tunakunywa chai ya maziwa risasi zikipita juu ya mabati. Jirani yetu wa pili amepigwa begani akiwa anafunga lango lake. Tulimsikia akiita. Mama alitaka kutoka, tukamshika wawili. Baadaye watoto wake walimvuta ndani.

Asubuhi askari wa serikali wamepita wakikimbia kuelekea Sake. Halafu ukimya. Halafu mlio mkubwa, karibu na uwanja wa ndege, na vumbi limeanguka toka darini ndani ya chai. Mama alianza rozari. Nikachukua gitaa kwa sababu ni kitu pekee ninachojua kufanya kwa vidole gizani. Nikaliinamia, nikaweka taya, nikapiga wimbo wa kuingia.

Mama Nyiransabimana akauliza, "Unasikia kitu?"

"Weka sikio hapa, mama."

Akajisogeza na mguu wake, akalaza kichwa chake juu ya mti wa gitaa, upande wa pili wa taya langu. Nikapiga. Mwisho wa kila shairi Anastase ana tabia yake, anauacha ule uzi mnene unalia peke yake, anauteleza kwenda chini kama mtu anayekaa baada ya safari. Mimi naifanya pia, sikufundishwa, niliiba. Nilipofika pale, niliona mabega ya mama yule yanatikisika.

"Ni yeye," akasema. "Alikuwaka anafanya vile kanisani Kiwanja."

Baadaye akaniambia jambo. Anastase alipokuwa mdogo alikuwa akila kwa kushoto, na watu wakamcheka, wakasema ni mtoto asiye na adabu. "Nikamufunga ule mukono na kitambaa, mwaka muzima. Alilia, nikakaza. Akajifunza kula muzuri. Lakini siku amepata gitaa nikaona ule mukono unarudi wenyewe. Sikusema kitu. Nikasema, basi, ukuwe na pahali pako."

Mama aliacha rozari katikati.

Sasa ni saa kumi. Jirani wanasema waasi wameingia, wako barabarani, wanatembea tu kama watu wanaotoka kazini. Hakuna umeme, hakuna maji. Sisi wote ni wazima. Sitageuza hizi nyuzi kamwe.

Jumapili, 25 Novemba

Maji tunachota ziwani. Hakuna anayeshona nguo mpya mjini humu. Nimepiga mpaka ncha za vidole zimekuwa kama mbegu.

Jumamosi, 1 Desemba

Waasi wameondoka kwa malori, wakiimba. Watu wamesimama pembeni bila kupiga makofi wala kuzomea. Mama amemtoa mbuzi nje, akafagia chumba cha kati, akasema, "Sasa na Noeli ije."

Jumapili, 9 Desemba

Simu imeita nikishona kifungo. Namba ya Uganda.

"Rosine?"

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikacheka tena, na Mama akaja mbio akidhani kuna aliyekufa. Ni yeye. Yuko kambi ya Nakivale. Alinyang'anywa simu njiani, akaumwa sana, akapata nafuu, akatafuta namba yangu kichwani tarakimu kwa tarakimu, akikosea, akipigia wageni. Aliuliza habari za mama yake kwa sauti ya mtu aliyejiandaa. Nikamwambia, "Iko hapa. Inachambua maharage."

Walizungumza Kinyarwanda muda mrefu. Mimi nilizunguka nyumba mara sijui ngapi, nikamwambia mbuzi, nikawaambia watoto wa mbuzi. Simu ikarudi kwangu.

"Unarudia lini?" nimeuliza.

"Rosine, mi sirudie Goma. Nilizaliwa tukikimbia. Nimechoka kukimbia. Huku wamenipa kipande ya shamba, naanza."

"Sawa. Basi mi nitakuja kwako."

Nimesema hivyo, Mungu ni shahidi yangu. Ningekwenda kesho, na cherehani kichwani.

"Hapana. Usije. Usinigojee tena." Sauti yake ilikuwa ya upole, na ndiyo iliyoniua. "Mi siko ule mutu wa zamani. Siko na kitu ya kukupatia. Uzisha gitaa, mama apate transport ya kunifikia. Iko bado muzima, gitaa?"

"Iko."

"Mungu akubariki, Rosine." Salio likaisha.

Sikumwambia kwamba napiga. Kila siku tangu Septemba nilikuwa nikipanga jinsi nitakavyomwambia, na nafasi ilipokuja niliificha kama kitu cha wizi.

Jumatatu, 10 Desemba

Yu hai. Yu hai na hanitaki. Nayaandika yote mawili pamoja kwa sababu yanakuja pamoja.

Alhamisi, 13 Desemba

Baba mkubwa Sikuli amekuja leo na kofia yake ya mikutano. Ndiye aliyempokea mbuzi Mei, ndiye anayepaswa kumrudisha. Mama alivaa kitenge cha sikukuu. Mama Nyiransabimana aliketi upande wa pili wa meza peke yake, ukoo mzima wa Anastase katika mtu mmoja mwenye mguu mbovu.

Nilikuwa nimelitoa gitaa ukutani tayari, nimelifuta, nimelilaza mezani. Aliyesema liuzwe ni mwenyewe.

"Mbuzi tulipokea moja," Sikuli akasema. "Tunarudisha moja. Hawa wadogo walizaliwa kwetu."

"Mama na batoto yake wanaenda pamoja," Mama akamkatiza. Sijawahi kumwona akimkatiza. "Hatutenganishe."

Mama Nyiransabimana akatikisa kichwa. "Kwetu, mwenye kuchunga anapata mwana mumoja. Mutabakia na ule mwekundu. Wale wengine nitauzisha, nipate kufika kwa mutoto yangu."

"Na gitaa?" akauliza Sikuli.

Mama Nyiransabimana akaligeukia. Aliligusa kwa kidole kwenye kile kipande cha mfupa wa ng'ombe ambapo nyuzi zinapita, alichokichonga Anastase mwenyewe. "Gitaa ililetwa mbele yenu, wazee?"

"Hapana."

"Muliipokea? Mulikunywa juu yake?"

"Hapana."

"Basi haiko kitu ya ukoo. Haiwezi kurudishwa. Aliachia huyu mutoto."

"Anastase amesema niuzishe," nikasema.

"Mimi nilimuzaa Anastase, na nimesema hapana." Akalisukuma kwangu juu ya meza. "Sikutembea na mguu hii yote ili niuzishe ile mukono."

Sikuli akavua kofia, maana yake maneno yamekwisha. Mama alificha uso wake katika kitenge.

Jumapili, 16 Desemba

Tumemsindikiza Mama Nyiransabimana mpakani, apitie Gisenyi kwenda Uganda. Amebeba maharage yaliyobaki, yote mazima. Alinikumbatia akasema nimsalimie mbuzi mwekundu. Nilitaka kumpa ujumbe wa kumpelekea Anastase, nimetafuta maneno tangu nyumbani mpaka kizuizini. Mwishoni nimesema, "Umwambie gitaa haikuuzishwa." Akasema atamwambia.

Nyumba imekuwa kubwa.

Jumatano, 19 Desemba

Leo nimezigeuza. Nimeazima koleo la Bagalwa, nimezivua nyuzi zote, nimeupeleka uzi mnene juu kama kwa wapigaji wote duniani. Nilijiambia: hakuna wa kumngojea, gitaa ni langu, acha liwe sawa. Nilikuwa mtulivu kabisa. Nilijivunia utulivu wangu.

Uzi mwembamba umekaa kwenye mfereji uliochongwa kwa ajili ya mnene, unachezacheza humo na kukwaruza. Na vidole vyangu! Vinakwenda juu wimbo unapotaka chini. Nimekuwa tena yule wa Septemba. Nilipiga wimbo wa kuingia ukatoka kama mtu anayeongea na mdomo uliovimba. Niliurudia mpaka Mama akaja kusimama mlangoni, na unga mikononi.

"Ni nani iko napiga?"

"Ni mimi, Mama."

"Hapana. Wewe nakujua. Nakusikia kila siku tangu maharage ya Septemba." Alinitazama, akatazama koleo, akaelewa. "Ile kupiga ya zamani ilikuwa ya Anastase?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikawaza. Yeye alipiga kwa kushoto. Hakuna mtu aliyewahi kupiga gitaa hili kwa kulia na uzi mnene chini isipokuwa mshonaji mmoja wa Mabanga.

"Hapana," nikasema.

"Basi irudishe," akasema Mama, akarudi kwenye ugali wake.

Nimezirudisha. Ilichukua muda, kwa sababu nilikuwa nalia na koleo linateleza. Ninamkumbuka. Sitasema hapa kwamba nimesahau, nitakuwa naidanganya karatasi. Nimezirudisha nikimkumbuka, lakini si kwa ajili yake.

Jumanne, 25 Desemba

Mvua imenyesha tangu alfajiri na kanisa limejaa mpaka ngazini. Kabla ya misa Muzee Bagalwa amekuja na mwavuli wake, ameinama juu ya gitaa.

"Kamba nene iko bado chini. Unamugojea tu?"

"Hapana, muzee. Mi napigaka vile."

Alinitazama juu ya miwani. Halafu akaenda kwenye kinanda chake, akanipa ishara ya kuanza, mimi kwanza, peke yangu.

Nimeanza. Vioo vimetetemeka. Mwisho wa shairi la kwanza nimefika pale Anastase anapoteleza kwenda chini, na kwa mazoea nimeinua uso, kwa sababu hapo ndipo siku zote alikuwa akiinua wake kunitazama, goti kwa goti. Mbele yangu palikuwa na watu, wengi, wamelowa, na katikati yao Mama anaimba kwa sauti isiyo yake. Nimeinamisha kichwa. Shairi la pili lilikuwa limeshaanza, nami nikaendelea kupiga.